Hesabu Isomwayo Kabla ya Kufanywa

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona kitabu cha hesabu kikihakikiwa katika kurasa za walimu wa Kiswahili. Kitabu chenyewe ni How to Solve It, kilichotungwa na George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Zurich na baadaye Stanford, Marekani, hata akafariki mwaka 1985. Kilitoka mwaka 1945, nacho kingali kikisomwa. Nimekileta hapa kwa kuwa naona nusu yake ni somo la ufahamu.

Pólya aligawa kazi ya kufumbua hesabu katika hatua nne: kuelewa swali, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kuitazama upya kazi iliyokwisha. Hatua ya tatu, ambayo sisi walimu huijazia ubao mzima, yeye huipitia upesi. Mfano wake ulio bora ni wa sanduku: urefu, upana na kimo vyajulikana, yatafutwa hanamu itokayo pembe ya chini hadi pembe ya juu inayoielekea. Mwalimu wake hataji kanuni. Huuliza tu: chatafutwa nini? Tumepewa nini? Je, umepata kuona swali la namna hii? Kisha darasa lenyewe, kwa kuta zake na dari yake, hugeuzwa kuwa sanduku. Tukitia tarakimu zetu, urefu 4, upana 3 na kimo 12, hanamu ya sakafu ni 5. Hiyo 5 na kimo 12 hufanya pembetatu mraba ya pili, na jibu ni 13. Kanuni ya Pythagoras imetumika mara mbili, basi. Ugumu ulikuwa katika kuiona pembetatu ambayo hakuna aliyeichora.

Hapo ndipo ninapogombana na mwandishi. Mwanafunzi wake hunyamaza akikosa njia, lakini hashindwi kuelewa maneno anayoulizwa. Kwetu Uganda, ambako aljebra ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, wanafunzi wengi hukwama kabla hata ya hatua ya kwanza, na mwalimu huandika kwamba hawajui hesabu.

Pólya hakuwa kipofu wa jambo hili. Penye kueleza utungaji wa milinganyo asema kuwa kazi hiyo ni tafsiri, kutoka lugha ya watu kwenda lugha ya alama. Neno zito sana hilo! Lakini amelitia katika ile sehemu ya kitabu iliyopangwa kama kamusi, naye hakulifuatia mbali. Tulifuatie sisi. Twaambiwa: wanafunzi ni mara sita ya walimu. Tuwaite wanafunzi f na walimu m (kwa kuwa wote huanza na w, herufi hiyo tuiache). Sentensi yajiandika yenyewe, neno kwa neno: f = 6m. Sasa tuseme jambo lilelile kwa njia nyingine: kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sita. Afuataye mpangilio wa maneno ataandika m = 6f, na shule yake itakuwa na walimu wengi kuliko wanafunzi. Wanafunzi wa uhandisi huko Marekani walipopewa swali la namna hiyo kwa Kiingereza, lugha yao wenyewe, wengi waliugeuza mlinganyo vivyo hivyo. Utafiti huo ulichapwa mwaka 1981.

Hatua ya nne, niliyoidharau niliposoma mara ya kwanza, sasa naiona ndiyo tamu kuliko zote. Mtu amesimama mita 20 kutoka shina la mvule, katika uwanda, akakiona kilele kwa pembe ya nyuzi 45. Trigonometria yatoa mita 20 mara moja, na kalamu huwekwa chini. Arudiye kulisoma swali atauliza: pembe hiyo imepimwa kutoka wapi? Ikiwa ni kutoka jichoni, kimo cha jicho hakijajumlishwa, na mvule wetu umekatwa miguu.