Heko, Average White Band

Bendi ya vijana wa Scotland kupiga funk na soul mpaka Wamarekani, wenye muziki huo, wakakubali: hilo si jambo dogo. Mwaka 1974 mpiga dramu wao, Robbie McIntosh, alifariki Los Angeles. Februari 1975 kibao chao "Pick Up the Pieces", kinachotawaliwa na saksafoni, kikashika namba moja Marekani. Badala ya kusambaratika kwa kifo hicho, walimchukua Steve Ferrone apige dramu, wakatoa albamu ya Cut the Cake kumuenzi marehemu. Mwaka 1977 wakarekodi na mwimbaji Ben E. King. Wasanii wa hip hop bado wanachota midundo ya bendi hii. Vijana hao walijifunza muziki wa funk na soul kwa heshima, wakaupiga kwa moyo wote. Wanastahili pongezi zetu.