Pareshoki ya robo: sheria nzuri, ila tusiikopie macho yamefungwa

Mu mashindano ya FIRST Robotics Competition kule Marekani, robo 3 zinacheza na robo 3, karibu dakika 2 na nusu tu. Watu wanapiga picha mikono ya robo na kodi yake. Kile kinachozunguka chini, chekundu ao cha bulu, hakuna mwenye kukiangalia. Njo pareshoki. Mimi naona pale ndiyo kuna somo kubwa, na pia kosa moja.

Tuanze na hesabu. Robo ya kilo 60 ikikimbia mita 4 kwa sekunde iko na nguvu sawa na mfuko wa simenti wa kilo 50 unaoanguka toka urefu wa karibu mita 1. Chuma kwa chuma, kitu kitapasuka. Lakini robo ikisimama kwa sentimeta 5 ya povu kuliko sentimeta 1, pigo linapungua mara 5. Na sababu sheria inaweka pareshoki zote karibu na urefu mumoja, povu inakutana na povu, haikutane na waya za mwenzako. Hapo sheria iko sawa kabisa: unajenga kitu cha kumlinda hata mpinzani.

Kosa liko wapi? Kwa miaka mingi sheria ilitaja hata vifaa: tripleksi nyuma, mirija miwili ya povu ya kuchezea mu pisini, kitambaa kigumu juu. Mwanafunzi alifuata, alishona, alipita kontrole. Hakuna kitu alichagua. Najua jibu lao: mkaguzi iko na robo nyingi na saa kidogo, na kifaa kimoja kwa wote kinaleta usawa. Ni kweli, kwao. Kule ile mirija inauzwa bei ya chini.

Kwetu je? Mwenye kuandaa mashindano Goma ao Lubumbashi akikopia ile liste, ekipi ya mtoto wa tajiri itaagiza povu, zingine zitabaki inje juu ya kipande cha mpira. Tuandike lengo, tuache kifaa: angusha uzito fulani toka urefu fulani, fremu isipinde. Kisha kila ekipi ilete yake. Povu ya godoro ni laini sana, inabonyea mpaka mwisho, basi utatafuta namna ya kuikaza. Mpira wa tairi nzee, ule wanaovalisha magurudumu ya chukudu, ni mgumu, utauchanganya na kitu kingine. Mama muuza tomate anapanga majani makavu ya ndizi mu kisanduku mbele ya barabara mbaya: ile ni pareshoki, na hakuna aliyemupa liste.

Mwanafunzi aliyepima povu tatu na kuchagua moja amejifunza kazi. Aliyenunua ile iliyoandikwa amejifunza kununua. Ninyi mnaoandaa, mnataka tutoe nani?