Uzito na Mkondo: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Waongozaji Ndege

Aghalabu istilahi husifiwa kwa ufupi wake na kwa kutotatanisha. Kwa vipimo hivyo viwili, neno 'heavy', ambalo rubani wa ndege kubwa hulitamka baada ya jina la mwito anapoanza kuzungumza na mwongozaji, ni istilahi bora. Lina silabi mbili tu, nalo humwonya kila asikilizaye. Hata hivyo, kufaa kwa neno katika matumizi si ushahidi kwamba limeitaja dhana yake sawasawa.

Kwa utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ndege zisizozidi kilo 7,000 ni nyepesi; zinazozidi hapo lakini hazijafika kilo 136,000 ni za wastani; na zilizofika kilo 136,000 au zaidi ni 'heavy'. Airbus A380, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2007, imetengewa daraja la juu zaidi, 'super'. Yafaa ikumbukwe kwamba kilo hizo ni uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa kwa kuruka, wala si uzito wa ndege kwa saa ile. Ndege isiyo na abiria hata mmoja, na mafuta yake yakiwa karibu kwisha, bado huitwa 'heavy'. Hapo sifa imeacha kuwa sifa. Imekuwa sehemu ya jina.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kinachohofiwa si uzito. Bawa linapoibeba ndege, shinikizo la hewa chini yake huzidi lile la juu. Hewa hupindukia nchani, na nyuma hubaki visulisuli viwili viwezavyo kuibingirisha ndege ndogo ifuatayo. Nguvu yake hutegemea uzito, lakini pia mwendo na upana wa mabawa. Neno limetaja sababu moja, likanyamazia tokeo.

Kwamba hoja hii si mchezo wa wanaisimu ilidhihirika tarehe 15 Desemba 1993 huko Santa Ana, California. Ndege ndogo iliyokuwa ikiifuata Boeing 757 kwenda kutua ilianguka, wakafa watu wote watano waliokuwamo. Boeing 757 haikufikia uzito wa 'heavy', ilhali mkondo wake ulikuwa mkali. Baadaye Marekani iliongeza nafasi nyuma ya ndege za aina hiyo, na mwaka 2012 yalianza kutumika huko Memphis madaraja mapya yanayozingatia mabawa pia. Kanuni zilirekebishwa, neno likabaki.

Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika 'ndege nzito' na kuridhika atakuwa amerithi kosa pamoja na neno. Msomaji atafikiria shehena, tena atadhani hatari imo ndani ya chombo, kumbe imo katika njia kilikopita. Mabaharia wa pwani wanajua kwamba chombo kikubwa huacha mkondo nyuma yake, na kwamba mashua ndogo hujihadhari nao. 'Ndege ya mkondo mkali' ni ndefu kuliko 'heavy', na haitafaa redioni, ambako marubani na waongozaji wa Nairobi hutumia Kiingereza. Lakini darasani, kamusini na magazetini urefu hauui mtu. Huko istilahi haina budi kumwelekeza msomaji mahali hatari ilipo.