Bei Kama Fani: Kuisoma Bunduki ya Upepo ya Oberndorf

Anayeishika kwa mara ya kwanza bunduki ya upepo aina ya Feinwerkbau 300S hukutana kwanza na uzito wake. Chuma na mti wa mjozi vinakaribia kilo 5, navyo vimeunganishwa kwa kazi moja tu: kuirusha risasi ya nusu gramu hivi hadi kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 10. Mwenye haraka ataona hapo ubadhirifu, na akitajiwa bei atashangaa zaidi, kwa kuwa bunduki mpya za daraja la juu katika mchezo huu huuzwa kwa zaidi ya euro 3,000, na hata zilizotumika hazishuki kirahisi. Redio zimeshuka bei, saa zimeshuka, simu zimeshuka. Vifaa vya burudani za watu wachache vimekaa palepale. Jibu linalotolewa sana ni kwamba wanunuzi ni wachache na wauzaji wana tamaa. Uchache huo ni kweli, lakini ukitajwa peke yake haujaeleza kitu. Hoja yangu ni kwamba bei ya kifaa cha namna hii ni sehemu ya fani yake, na kwamba mhakiki akiifuatilia kazi hii kiungo kwa kiungo, jinsi tufuatiliavyo shairi mshororo kwa mshororo, ataikuta bei imeandikwa ndani yake.

Tuanze na mahali, kwa kuwa kazi ya mikono haikosi kwao. Oberndorf am Neckar ni mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani ulioishi kwa kiwanda cha bunduki cha Mauser hadi mwaka 1945. Vita vilipokwisha kiwanda kile kikavunjwa, ila ujuzi ukabaki vichwani na vidoleni mwa watu wa mji ule. Wahandisi wawili waliotoka humo, Karl Westinger na Ernst Altenburger, wakaanzisha mwaka 1949 kampuni ambayo jina lake, Feinwerkbau, lamaanisha uundaji wa mitambo nyeti. Jina hilo ni ahadi ya kimtindo kabla ya kuwa alama ya biashara, na mnunuzi anapolipa leo analipia pia mfululizo wa mikono iliyofundishana kwa vizazi. Mfululizo huo haujengwi upya kwa mkopo wa mwaka mmoja.

Sasa tuufuate msuko wa tendo lenyewe. Mpigaji anauvuta wenzo wa ubavuni; wenzo unaisukuma pistoni nyuma, na pistoni inazikandamiza springi mpaka ishikwe na ndoana. Anaiweka risasi kwa kidole katika tundu la nyuma la mtutu, anaurudisha wenzo, analenga. Kifyatulio kikiachia, springi huirusha pistoni mbele, pistoni huibana hewa iliyo mbele yake, na hewa iliyobanwa huisukuma risasi itoke. Muhtasari wake ni mwepesi hivyo, na msuko huuhuu umo katika bunduki za bei ndogo kabisa. Thamani ya kazi hii haiko katika kisa. Imo katika jinsi kisa kinavyosimuliwa.

Ugumu wake wa kwanza ni teke. Katika bunduki ya springi, pistoni nzito huanza kukimbia kabla risasi haijaondoka mtutuni, kwa hiyo bunduki hurudi nyuma, kisha hurushwa mbele pistoni inapofika mwisho, na yote haya hutokea risasi ikiwa bado ndani. Maana yake ni kwamba kila namna ya kushika huandika upotofu wake kwenye karatasi. Mafundi wa Oberndorf waliutatua ugumu huu kwa njia ambayo naiona kuwa tamathali kuu ya kazi nzima: mtambo wote, pamoja na mtutu, umelazwa juu ya reli ndani ya kitako. Kifyatulio kinapoachia pistoni, huachia pia kufuli la reli, na mtambo huteleza nyuma milimita chache huku kitako kikitulia begani mwa mpigaji. Teke halikufutwa, limepewa mahali pa kwenda. Ni ufumbuzi wa msanii anayejua kwamba nguvu isiyozuilika huelekezwa. Lakini reli hizo lazima zilingane kabisa, kwa kuwa mtambo ukiteleza kwa kulegea hata kidogo hautarudi mahali palepale, na risasi ya pili haitaifuata ya kwanza.

Ugumu wa pili ni mdogo zaidi, na kwa sababu hiyo unasema mengi. Springi inapofunguka hujinyonga kidogo, na mnyongo huo huisokota bunduki pembeni. Ndani ya 300S hamna springi moja. Zimo mbili, zimefuatanishwa na kusokotwa kwa pande zinazopingana, ili mnyongo wa moja ufutwe na wa nyingine. Pistoni nayo haikuvikwa ngozi, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Imevikwa pete ya chuma, mfano wa pete za pistoni za injini ya gari. Sehemu hizi hazionekani kwa mtu anayeitazama bunduki dukani, na hakuna picha ya tangazo inayoweza kuzionyesha. Ni sanaa iliyofichwa, nayo huathiri bei kuliko nakshi yoyote ya nje, kwa kuwa nakshi huweza kuigizwa kwa rangi, na pete ya chuma haiigiziki kwa kitu kisichokuwa pete iliyosagwa kwa kipimo.

Tukifika kwenye kifyatulio, ambacho wengi wetu tunakiita triga, tunafika mahali ambapo lugha ya arudhi inatufaa moja kwa moja. Safari ya kidole imegawanywa vipande viwili. Cha kwanza ni laini na chatoa taarifa: kidole kinasogea, na mpigaji anajua kwamba ameingia. Halafu kinakuja kituo, ukuta mwembamba ambao kidole huusikia bila jicho kuuona. Baada ya kituo, nyongeza ndogo tu ya nguvu huleta kuachia. Ni ukwapi na utao wa mshororo mmoja, na kituo hicho ndicho kina cha kati. Msomaji wa mashairi anajua kwamba kina cha kati kikikosewa, mshororo wote huchechemea hata kama maneno ni mazuri. Na mpigaji anajua kwamba kituo kikiwa leo hapa na kesho pale, macho yake na pumzi yake havina pa kushikia. Kanuni za mashindano ya kimataifa zinataka kifyatulio cha bastola ya upepo kibebe angalau gramu 500, lakini kwa bunduki ndefu haziweki kikomo cha chini. Uhuru huo umemwachia fundi uwanja mpana wa kuchonga wepesi, na wepesi unaotegemewa ni kitu cha gharama: nyuso za chuma zinazogusana lazima zisuguliwe mpaka ziachie kila mara kwa nguvu ileile, bila kujiachia zenyewe.

Hapa naomba tuuite kwa jina uzuri wa kazi hii. Nitauita ulinganifu radidi: uwezo wa kitu kutenda tendo lilelile, kwa namna ileile, mara kwa mara. Katika ushairi takriri ni mbinu mojawapo. Katika bunduki ya shabaha ndiyo maudhui yenyewe. Shindano la mita 10 lina risasi 60, na kitovu cha karatasi, kile cha alama kumi, ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita. Risasi ina kipenyo cha milimita 4.5, yaani tundu lake ni pana mara tisa kuliko kile linachokitafuta. Kupata kumi mara moja ni bahati ambayo hata bunduki ya kuchezea inaweza kuipata. Kuipata mara 60 kwataka kitu kisichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya mwisho, na kutobadilika huko ndiko kunakouzwa.

Fani hii imebanwa pia na sheria, na ubano huo umeijenga. Nchini Ujerumani mtu mzima anaweza kununua bila leseni bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano. Nchini Uingereza bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi, huhitaji cheti cha silaha za moto. Kwa hiyo katika masoko hayo mtengenezaji hawezi kumshawishi mnunuzi wa kawaida kwa nguvu zaidi. Njia ya kupanda imezibwa, imebaki ya kuzama. Washairi wetu wanaijua hali hii. Aliyefungwa kwa mizani nane hana nafasi ya kurefusha, hivyo hutafuta neno lililo sahihi zaidi. Mafundi waliofungwa kwa jouli wametafuta usahihi, na kila hatua ya usahihi hugharimu zaidi ya ile iliyoitangulia: kupunguza kosa la milimita moja liwe nusu ni kazi, na kuipunguza nusu hiyo iwe robo ni kazi kubwa zaidi, ingawa kilichopatikana ni kidogo.

Ili tuone tofauti, tuweke pembeni matini nyingine. Daisy Red Ryder ya Marekani, iliyouzwa kwa mamilioni tangu miaka ya 1940, nayo ina springi na pistoni. Imeundwa kwa bati lililokandamizwa, mtutu wake hauna mifereji ya ndani, na hurusha gololi za chuma. Ni kazi nzuri kwa mahitaji yake: imewafundisha watoto wengi kulenga makopo, na bei yake ni ndogo. Lakini ni hadithi ya kusimuliwa uwanjani jioni, ambapo msimulizi akiongeza neno au akiruka tukio hakuna anayedhurika. Bati hukubali kukandamizwa kwa mamilioni kwa sababu halidaiwi ulinganifu.

Na hapa ndipo uchache wa wanunuzi unapopata maana. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kifaa cha kushikilia kazi kiwandani, pamoja na vipimo vyake, kimegharimu euro 50,000. Kikitumika kwa bunduki 100,000, kila moja hubeba nusu euro. Kikitumika kwa bunduki 1,000, kila moja hubeba euro 50; na vifaa vya namna hiyo ni vingi, kila kiungo na chake. Kitako huongeza gharama yake, kwa kuwa mti lazima ukaushwe sawasawa. Muuzaji huongeza yake, kwa kuwa mtaji wake hulala kabatini miezi mingi akimsubiri mteja mmoja. Burudani ya wengi hugawana gharama hizi mpaka zisionekane. Burudani ya wachache huzibeba nzimanzima, na kwa kuwa wachache hao ni wasomaji wakali, wanaosikia kituo kilichosogea, mtengenezaji hawezi kuzikwepa kwa kulegeza kazi. Akilegeza amewapoteza, na hana umati mwingine wa kuwauzia.

Mtu atasema kwamba viwanda vya China na Uturuki vimekwisha leta bunduki za upepo za bei nafuu, baadhi zikipiga vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Ni kweli, na ni jambo la kufurahia, kwa kuwa limewafungulia mlango watu wengi. Tuangalie lakini kilichoshuka bei. Nguvu imeshuka bei, umbo limeshuka bei, hata mitutu mizuri imepatikana. Kilichobaki juu ni ulinganifu radidi wa kiwango cha mashindano, kwa kuwa huo hupatikana kwa kukagua na kukataa: sehemu iliyosagwa vizuri lakini isiyofikia kipimo hutupwa, na gharama yake hulipwa na ile iliyokubaliwa. Bei ya juu, kwa sehemu, ni bei ya vile ambavyo hatukuviona.

Tena kuna umri. Utengenezaji wa 300S ulikoma zamani, baada ya bunduki zinazotumia hewa iliyobanwa kabla ya kufyatuliwa kuchukua uwanja wa mashindano. Hata hivyo, zile za miaka ya 1970 bado zinapiga. Udhaifu wao unajulikana: kizibo laini ndani ya mtambo huoza kwa miaka, na fundi akikibadilisha bunduki huamka tena. Kitu kinachodumu hivyo humnyima mtengenezaji mauzo ya pili, kwa hiyo mauzo ya kwanza lazima yatoshe. Na mwenye kukiuza mkono wa pili hana haraka, kwa sababu anajua hakishuki daraja. Uimara, ambao tungedhani utaleta unafuu, ndio unaoishikilia bei pande zote mbili.

Nimeacha kwa makusudi, hadi mwisho, karatasi inayowekwa ndani ya boksi. Bunduki ya shabaha ya aina hii hutoka kiwandani na kadi ndogo ya majaribio: mtutu huo hasa umefungwa, risasi kadhaa zimepigwa, na kadi imetobolewa. Ukiishika kwenye mwanga huoni matundu kadhaa. Unaona tundu moja, la mviringo, pana kidogo tu kuliko risasi, na kingo zake zimekatika kwa usafi. Reli, springi mbili zinazopingana, pete ya chuma na kituo cha kidole vyote vimeingia humo na kutokea upande wa pili. Mnunuzi anapoulizwa kwa nini amelipa kiasi kile, hana haja ya kuitetea bei. Atoe kadi, mwenzake aitazame juani, waone nuru inapita pamoja mahali ambapo risasi zote zilipita.