Nani Alimsikiliza Kazimoto?

Kila tunapoifikia riwaya ya Kichwamaji darasani, swali lile lile huandikwa ubaoni: "Eleza sababu zilizomfanya Kazimoto ajiue." Wanafunzi huziorodhesha kwa nambari: kifo cha dada, kifo cha mama, kupotea kwa imani, elimu iliyomtenga na watu wake, kuzaliwa kwa mtoto mwenye maradhi ya kichwa. Majibu hayo ni sahihi, na alama hutolewa. Hata hivyo swali lenyewe lina kasoro. Linamfundisha kijana kwamba taabu za mtu zikijumlishwa kama hesabu, mwisho wake hauwezi kuwa mwingine ila kaburi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba riwaya yenyewe haisemi hivyo.

Marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyefariki dunia Januari 2020, alichapisha Kichwamaji mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika. Alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linalopiga fukwe za kwetu Entebbe na Jinja. Ndiyo maana wanafunzi wetu wa Uganda, japo Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, hawaoni ugeni katika mashamba, misiba na ugomvi anaousimulia. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa miwani ya falsafa ya udhanaishi. Kwao Kazimoto ni msomi aliyeuliza maana ya maisha, akakosa jibu, akachagua kifo.

Sina ugomvi na usomaji huo, ila naona umeanzia mbali. Kabla Kazimoto hajawa mwanafalsafa wa kukata tamaa, tayari ni mfiwa. Dada yake, Rukia, alipewa mimba na Manase, mtu mwenye cheo, na mimba hiyo ikawa mwanzo wa kifo chake. Mama yao naye akafa. Nyumba nzima ilitikisika. Je, ni lini kijana huyu alipata kulia? Nani alimkalisha chini akamwuliza hali yake, kisha akanyamaza kusubiri jibu? Badala ya kuomboleza, anaweka nia ya kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada wa Manase. Na hata Sabina anapokuwa mkewe, ndoa yao inakuwa imejengwa juu ya jeraha ambalo halijaoshwa.

Hapa ndipo ufundi wa mwandishi unapojitokeza. Riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Sisi wasomaji tunajua hofu za Kazimoto, chuki yake na mashaka yake, kwa sababu anatueleza sisi. Akiwa na wenzake aghalabu hubishana, hudhihaki, hujadili Mungu na dunia. Mjadala wa namna hiyo unaweza kuwa mlango wa kufungulia moyo, lakini pia unaweza kuwa pazia la kuuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Kazimoto hakuyaficha maradhi yake kwa msomaji. Aliwaficha walioweza kumshika mkono.

Katika Rosa Mistika ukimya huu una chanzo kinachoonekana wazi zaidi. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Tangu hapo Rosa anajua kwamba nyumbani kwao jambo la moyoni likijulikana ni fimbo. Anapokuwa mbali na jicho la baba, anaanguka katika mikono ya watu wasiomtakia mema. Na mchumba wake anapomwacha kwa kuwa si bikira, hana mahali pa kuipeleka aibu yake. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuogopewa uwazi wake. Ni ajabu kwamba kitabu kinachoonyesha madhara ya kunyamazishwa nacho kilinyamazishwa.

Mtu anaweza kutuelekeza kwa Shaaban Robert kama dawa. Katika Maisha Yangu anasimulia ndoa yake na Amina na kifo cha mke huyo. Haoni haya kuonyesha machozi yake, na upendo wake kwa watoto waliobaki anaugeuza kuwa tungo: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Kweli, huyu ni mfiwa aliyeushika uhusiano badala ya kuukata. Lakini hata hapa tutazame vizuri. Tenzi hizo ni nasaha: baba anasema, watoto wanasikia. Sisi walimu tumeirithi sana tabia hiyo. Twajua kuusia kuliko kusikiliza.

Kezilahabi naye hana budi kukosolewa. Sabina ndiye mama wa mtoto yule, lakini uchungu wake tunauona kwa macho ya mumewe tu. Ukurasa wa mwisho unapofungwa, yeye bado yuko hai. Wanafunzi wangu walipopewa zoezi la kuandika barua ya Sabina, darasa lililozoea kumwona Kazimoto kuwa shujaa wa fikra liliona jambo jingine: kwamba kifo chake hakikumaliza taabu ya nyumba ile, bali kilimtwika mke peke yake mzigo waliopaswa kuubeba wawili.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni kimojawapo cha visababishi vikuu vya vifo. Walimu wengi huogopa kugusa habari hii wakidhani kwamba kumwuliza kijana kama anafikiria kufa ni kumpandikizia wazo. Wataalamu wanatueleza kwamba sivyo: swali la upole aghalabu humpunguzia mtu mzigo, na humfungulia njia ya kufikishwa kwa mganga au mshauri.

Lugha tunayoifundisha imetupa chombo. Mswahili akiulizwa habari, hujibu kwanza "nzuri," hata kama nyumbani kuna mgonjwa, kisha huongeza, "ila..." Mgeni hudhani jibu limekwisha katika "nzuri." Mwenye lugha husubiri "ila," kwani humo ndimo habari yenyewe ilimo. Tuwafundishe wanafunzi wetu kulitamka neno hilo, na sisi wenyewe tujizoeze kulisubiri.

Kwa hiyo, ndugu walimu, swali la ubaoni na libadilishwe. Badala ya kuuliza ni nini kilichomfanya Kazimoto ajiue, tuulize: ni katika kurasa zipi mtu mwingine angeweza kuzungumza naye, na angemwambia nini? Mwanafunzi atalazimika kuisoma riwaya upya, kwa makini zaidi kuliko anayeorodhesha sababu. Na kama darasani yuko ambaye "ila" yake haijapata msikilizaji, atajua kwamba mwalimu wake yuko tayari kuisikia.