Ncha Zilizofichwa

Mgunga ulio karibu na kisima chetu, huko Pangani, una tawi moja linaloinama hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Hapo ndipo mnana dume alipochagua kiwanja chake: kichwa cheusi, kifua cha manjano, jicho jekundu. Mimi napenda wanyama kwa namna ya kivivu. Siwashiki wala siwafuati. Naweka kigoda, nanyamaza. Masika yote nilikaa hapo nikimtazama fundi kazini.

Alianza kwa kusafisha. Kabla ya kuleta hata ujani mmoja, alinyofoa majani ya vijiti alivyovichagua, mpaka vikabaki vitupu na mtambazi akakosa pa kujificha.

Kisha akaenda kuchana. Alitua kwenye ukuti wa mnazi, akang'ata ukingo wake mara moja, mkato mdogo tu. Akaibana ncha kwa mdomo, akaruka. Kule kuruka ndiko kulikochana: utepe mwembamba ulimfuata nyuma ukizidi kurefuka, hadi ukakatika wenyewe. Huchukua mbichi tu, kwa sababu kilichokauka hakipindiki. Ndiyo maana minazi iliyo jirani na minana hubaki chelewa tupu, na wenye mashamba hawawapendi.

Fundo la kwanza ndilo gumu kuliko yote, maana bado hakuna cha kulishikilia. Aliukanyaga utepe kwenye kijiti, akaisukuma ncha upande wa pili, akaiachia, akainamisha kichwa kuidaka inapotokea. Akaizungusha kulia, kisha akageuza akaizungusha kushoto, akaipitisha chini ya mzunguko wake yenyewe na kuvuta. Tepe tatu zilimponyoka zikaanguka. Sikumwona akishuka kuziokota. Kila mara alirudi mnazini kuchana nyingine.

Kufikia adhuhuri alikuwa na pete iliyosimama wima kati ya vijiti viwili. Akakaa kwenye upande wa chini wa pete hiyo, na toka hapo hakugeuka tena: uso wake ulielekea upande uleule siku zote za ujenzi. Mbele yake alisuka chumba cha mayai, akikisukuma nje kadiri shingo yake inavyofika. Alipomaliza, aliegemea nyuma, kichwa juu chini, akasuka ukumbi na mlango unaotazama ardhi. Mwili wake ndio futi kamba yake. Mwishowe alichomeka vipande vipana vya majani chini ya paa, kimoja juu ya kingine, vikawa dari ya kuzuia mvua.

Upepo uliwahi kuangusha kiota kizima cha jirani yake, nikakipeleka kwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye amesuka ukili tangu utotoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Alikigeuza taratibu, akipitisha kucha kwenye mishono kama anavyokagua mkeka wa mtu mwingine. Alikuwa anatafuta ncha. Msukaji mchanga humjua kwa ncha zilizojitokeza. "Huyu kazificha zote," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Ufundi huo haushuki wote na damu. Nicholas na Elsie Collias, mume na mke kutoka Marekani waliowachunguza minana wa jamii hii kwa miaka mingi, waligundua kwamba vidume vilivyolelewa bila majani ya kuchezea vilishindwa kusuka vizuri vilipopevuka. Kidume huanza kwa kuharibu: hufunga kinachofunguka, husuka kinachodondoka.

Kiota kikiwa bado kijani, fundi wangu alining'inia mlangoni, akapigapiga mabawa na kuita. Jike alikuja. Aliingia, akakaa kitambo, na kutoka nje niliona kuta zikitikisika: alikuwa akizivuta tepe kwa mdomo, moja baada ya nyingine. Akatoka, akaenda zake. Wakaja wengine, wakaenda. Baada ya wiki hivi majani yalikuwa kahawia, na hakuna jike aliyeingia tena.

Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Hakukiacha kioze. Alikifumua, utepe kwa utepe, mpaka kijiti kikabaki kitupu kama siku ya kwanza. Kisha akaenda mnazini.

Kiota cha pili kilikubaliwa. Jike alitandika ndani nyasi laini na manyoya, akataga mayai mawili ya samawati isiyo na doa. Ya jirani yake yalikuwa meupe yenye madoa. Kila jike ana rangi yake, na ndiyo inayomwezesha kulitambua yai la kupandikizwa na ndege mjanja asiyejenga.

Lakini ujanja huo hauzuii kila mgeni. Usiku mmoja, tochi yangu ilimkuta nyoka mla-mayai kwenye tawi, mwembamba, rangi ya udongo mwekundu, nusu ya mwili ikiwa ndani ya mlango. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo, ila wengi humuua kwa kumdhania nyoka wa sumu. Alipotoka, kinywa chake kilikuwa kimelivaa yai pana kuliko kichwa chake. Lilisogea polepole hadi shingoni, ambako mifupa ya uti wa mgongo huchomoza kwa ndani. Akajipinda. Uvimbe ukanywea. Baada ya muda alitema ganda lililokunjamana, likiwa kavu. Naye ni fundi. Hakuharakisha hatua hata moja. Nilizima tochi.

Asubuhi jike hakuwapo. Dume alikitazama kiota kutoka tawi la juu, akashuka, akashika utepe mmoja wa mlangoni na kuvuta. Kufikia jioni alikuwa amemaliza kufumua. Kesho yake, kabla kuti za mnazi hazijakauka umande, alirudi na utepe mbichi, akasimama palepale, akaukanyaga kwenye kijiti, akainamisha kichwa kuidaka ncha.