Makali ni Elimu

Useremala huanza kwa kunoa. Fundi wa Mackinnon Road, anayechonga milango na vitanda kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, akipewa mbao za mbambakofi anajua kuwa hazina huruma kwa patasi butu. Mvule nao una vijiwe vya chokaa ndani yake, navyo hula makali upesi. Makali yakiisha, nyundo huongezewa nguvu: mbao hupasuka, tundu la kiungo hupanuka, patasi huteleza ikamjeruhi mshikaji. Kwa sababu hiyo naisifu mashine ya kunolea ya mkanda wa msasa. Patasi isiyochosha kunolewa hunolewa mapema, kabla haijaharibu kazi ya mtu.

Wapo wanaosema mashine huchoma chuma, na hofu yao ina msingi. Patasi ikipata moto wa nyuzi 300 hivi, ncha yake hugeuka buluu na chuma hulegea. Makali yake hayatadumu tena. Lakini moto huo huletwa na mkono unaokandamiza na msasa uliokwisha kuchakaa. Fundi stadi hugusa mkanda kidogo tu, huchovya patasi majini kabla haijamchoma vidole, na hulinda mlalo wa nyuzi 25 hadi 30. Huuacha mkanda ukimbie kutoka kwenye ncha, usije ukachanika. Kisha hupapasa upande bapa kutafuta unyuzi mwembamba wa chuma, dalili kwamba mlalo umefika ukingoni, akauondoa kwenye kinoo laini. Mota haiamui hata moja kati ya hayo.

Wengine watauliza: milango ya nakshi ya Lamu si ilichongwa bila stima? Naam, na uzuri wake unathibitisha kwamba kinoo kinatosha. Unathibitisha pia kwamba nakshi haiji ila kwa chuma kikali, vyovyote kilivyonolewa. Mashine humpunguzia fundi jasho, haimpunguzii elimu. Asiyejua makali ataimaliza patasi yake kwenye mkanda kwa wiki chache. Basi enyi mafundi, mwanagenzi apewe kinoo kwanza, mpaka kidole chake kiyatambue makali. Akishayajua, mwashieni mashine, na ndoo ya maji iwe karibu naye.